Selotepu inaziba kamera, maikrofoni je?

Kipande cha selotepu au plasta ya kidonda juu ya kamera ya laptopu si kitu cha kushangaza tena katika ofisi za Kampala. Wapo wanaoona ni woga tu. Mimi siwacheki wanaoziba.

Wana sababu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kamera ya MacBook (laptopu za Apple) zilizotengenezwa kabla ya 2008 inaweza kuwashwa bila ile taa yake ndogo kuwaka. Juni 2016 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alipiga picha, na nyuma yake ikaonekana laptopu iliyozibwa kamera na maikrofoni. Na hapa kwetu, mwaka 2015 shirika la Privacy International liliripoti kwamba vyombo vya usalama vya Uganda vilitumia FinFisher, programu ya ujasusi inayoweza kuwasha kamera na maikrofoni ya mtu akiwa mbali.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Aliyekwisha kuingia kwenye mashine yako anasoma barua pepe, anachukua nywila, anafungua mafaili. Sura yako ukiwa umekaa mezani huenda ndiyo kitu cha mwisho anachokihitaji. Isitoshe, mwaka 2020 Apple iliwaonya wateja wake kwamba kufunga MacBook yenye kifuniko cha kamera kunaweza kupasua kioo.

Kinachonisumbua zaidi ni sauti. Wakili anayezungumza na mteja, mwandishi wa habari anayepokea siri, mama anayejadili ugonjwa wa mwanawe: hawa wote wanaumizwa na maneno yao kuliko picha zao. Na selotepu juu ya tundu la maikrofoni inafifiza sauti tu, haiizuii. Wengine huchomeka pini ya spika za masikioni isiyounganishwa na chochote ili maikrofoni ya ndani izimike, lakini kwenye laptopu nyingi uamuzi huo hufanywa na programu, na programu hasidi inaweza kuubatilisha. Afadhali kuingia kwenye mipangilio na kuzinyima ruhusa programu zisizohitaji maikrofoni, ingawa hata hilo halimzuii jasusi aliyebobea. Kwa mazungumzo mazito kweli, laptopu na simu zibaki chumba kingine.

Ila kwa Mganda wa kawaida sidhani kama hatari kubwa inatoka kwa majasusi. Laptopu imenunuliwa ikiwa imeshatumika, haijafutwa. Ikiharibika inapelekwa kwa fundi, nenosiri limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kifuniko. Inarudi na Windows isiyo na leseni pamoja na programu ambazo mwenyewe hakuziomba. Hapo selotepu imechelewa. Mwambie fundi afute kila kitu na kuweka mfumo halali, nawe ubadilishe nywila siku hiyohiyo.

Sheria ipo: ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data za mtu zikusanywe kwa ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kwa hiyo mwajiri anayelazimisha kamera ziwe wazi mchana kutwa kwa wanaofanyia kazi nyumbani anapaswa kuulizwa: picha hizo zinahifadhiwa wapi, na nani anazitazama?