Askari wa Pilato hawakutoka Roma

Kila Kwaresima filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004, The Passion of the Christ, inayohusu mateso ya Yesu, huanza kuzunguka tena, na mabishano juu yake hayaishi. Safari hii ule ubishi wa damu nyingi nauweka pembeni, nizungumzie askari. Gibson aliwapa Kilatini. Wanatukana kwa Kilatini, wanahesabu mapigo kwa Kilatini, wanacheka kama walevi waliotoka ng'ambo kuja kujifurahisha kwa mwili wa mtoto wa watu. Na kwa kuwa Wayahudi ndani ya filamu wanasema Kiaramu, mtazamaji huondoka akiamini ameonyeshwa mambo yalivyokuwa.

Wanaopinga Kilatini hicho wana hoja nzito. Pontio Pilato aliisimamia Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, liwali wa daraja la kati. Legioni, yaani jeshi lenyewe la raia wa Rumi, zilikuwa nne katika eneo lile, na zote zilikaa Siria chini ya mkubwa mwingine. Pilato alikuwa na vikosi vya msaada tu, yaani askari wasio raia wa Rumi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile, akieleza hali ya mwaka 44 anataja vikosi vitano vya miguu na kimoja cha farasi, watu kama 3,000 hivi, wenyeji wa Kaisaria na Sebaste, mji ambao Herode aliujenga palipokuwa Samaria. Wayahudi walikuwa wamesamehewa kuandikishwa jeshini, sababu mojawapo ikiwa Sabato. Kwa hiyo aliyemvika Yesu taji ya miiba huenda kwao palikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Yerusalemu, na lugha aliyokulia ni Kiyunani au Kiaramu.

Josephus huyo huyo ana kisa kinachowaonyesha askari hawa kwa karibu zaidi. Pilato alichukua fedha za hekalu kujengea mfereji wa maji. Watu wa Yerusalemu wakamzingira wakipiga kelele, kumbe alishawachanganya askari wake ndani ya umati ule ule, wamevaa nguo za kiraia na marungu wameyaficha. Alipotoa ishara wakaanza kutwanga watu. Hila kama hiyo ingefika wapi kama wangekuwa Waitalia wasiojua hata kusalimia?

Chuki dhidi ya Wayahudi nayo ilikuwepo. Agripa wa Kwanza, mfalme wa Wayahudi, alipofariki mwaka 44, askari hawa wa Kaisaria na Sebaste walisherehekea hadharani, wakabeba sanamu za binti zake hadi madanguroni. Kaisari Klaudio aliamuru wahamishiwe Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Wakatuma ujumbe kumbembeleza, wakabaki. Ukishajua hayo, ile kejeli ya "Salamu, Mfalme wa Wayahudi!" huisikii tena kama dharau ya mgeni asiyejua alipo. Ni ya jirani, na majirani hujua pa kuchoma.

Upande wa Gibson hauko mikono mitupu. Jiwe lililopatikana Kaisaria mwaka 1961, lenye jina la Pilato na cheo chake, limechongwa kwa Kilatini. Yohana anasema anwani ya msalabani iliandikwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Matendo 10 inamtaja Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia, hapo hapo Kaisaria, ingawa hiyo ni miaka kadhaa baadaye. Halafu sinema si mtihani wa historia: mtu wa leo akisikia Kilatini anajua papo hapo nani mtawala na nani mtawaliwa. Mwongozaji kupata njia ya mkato kama hiyo na kuiacha si rahisi.

Mavazi sitayagombania. Deraya ya vipande vya chuma ambayo filamu za Biblia humvika kila askari ilikuwepo enzi hizo, na mabaki yake yamefukuliwa Kalkriese, Ujerumani. Ila askari wa vikosi vya msaada kwa kawaida walivaa shati la pete za chuma.

Kinachonikera mimi ni jinsi ukatili ulivyogawanywa. Mapigo yanapopita kiasi, anatokea ofisa na kuwakemea wachapaji. Pilato naye ni muungwana aliyebanwa kotekote. Kusitasita kwa Pilato kumo katika Injili, hilo Gibson hakulitunga. Lakini Philo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi aliyeishi wakati wake, anamweleza kama mkaidi, mla rushwa na mwuaji wa watu bila hukumu. Tuseme Philo alikuwa na sababu zake za kumpaka matope. Bado Pilato aliondolewa madarakani baada ya askari wake kuwaua Wasamaria waliokusanyika mlima Gerizimu. Na kumchapa mtu kabla ya kumsulubisha ulikuwa utaratibu wa kawaida wa Warumi, haukuhitaji mlevi. Filamu ikishawafanya wachapaji kuwa wahuni na bosi wao mtu wa dhamiri, lawama inawaangukia wahuni na makuhani, na dola iliyotoa amri inatoka mikono safi.

Ingekuwa juu yangu, Kilatini ningewaachia Pilato na maofisa wake. Wachapaji wangetukana kwa Kiaramu cha Samaria, ili Mariamu, ambaye Gibson mwenyewe amemsimamisha pale uani, aelewe kila tusi bila mkalimani.