Kitonga tunapita tu

Jumamosi niliendesha Apache Trail, barabara ya jangwani mashariki mwa Phoenix, Arizona. Milima mikavu, kaktasi zimesimama kama nguzo za umeme, halafu unakata kona na chini yako kuna ziwa: Canyon Lake. Kilichonigusa si ziwa. Ni kwamba pale juu wamepanua pembeni ya barabara magari yaingie. Nilizima injini, nikamenya chungwa, nikatazama mpaka nikatosheka. Hakuna aliyenipigia honi.

Sasa mimi ni mtu wa Iringa, na maziwa ya njia ile hayanitishi. Yote ni ya kutengeneza, Mto Salt umezibwa kwa mabwawa, kubwa kuliko yote Roosevelt, lililozinduliwa 1911. Sisi Tanzania, Ziwa Ngosi kule Mbeya tumepewa bure na volkano. Na bwawa letu la Mtera, kati ya Iringa na Dodoma, je? Roosevelt magari yaliacha kupita juu ya bwawa daraja lilipojengwa 1990. Mtera mpaka leo unaelekea Dodoma ukiwa juu ya ukuta wenyewe, maji ya Ruaha huku, bonde kule. Unapita mbio, basi. Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa kwenda Morogoro, ndiyo usiseme: bonde lote limefunguka mbele yako na wewe umeng'ang'ania kiti cha mbele. Tunasimama kuchimba dawa na kununua vitunguu tu. Na sisi tupanue pembeni ya barabara, mtu asimame atazame.

Najua mtakachosema. "Kaonja Marekani, sasa anatufundisha." Jamani, Apache Trail yenyewe ukishapita Tortilla Flat inageuka vumbi, na mwaka 2019 moto na mafuriko vilifunga kipande chake kwa miaka. Siwasifii lami. Mwingine atasema tuzibe mashimo kwanza. Sawa, zibeni! Greda likiwa hapo hapo, lisawazishe na pembeni. Lori lililochemsha breki Kitonga nalo linahitaji pa kuingilia, au hilo pia ni mambo ya Ulaya?

Linaloniudhi hasa ni wanaosema mandhari ni ya wazungu. Nani aliwaambia? Mama yangu tukishuka Kitonga alikuwa anatuamsha wote: "Amkeni, mtazame." Alikuwa anauza nyanya Ilula, hakuwa mtalii.

Na wauza samaki wa Mtera wako barabarani tayari, juani, wanakimbilia madirisha ya mabasi. Wapeni banda, na gari lipate pa kuegesha. Mtu akisimama kutazama maji, atanunua na perege.