Papwa Sewgolum na picha iliyommeza

Mtaje Papwa Sewgolum mbele ya mtu anayeijua gofu, na la kwanza utakaloambiwa ni mvua. Mwaka 1963, mjini Durban, alishinda Natal Open mbele ya wachezaji wa Kizungu waliokuwa wamejaa kwenye mashindano hayo. Mvua ilikuwa ikinyesha wakati wa kukabidhi kombe. Wazungu wakawa ndani ya jumba la klabu, bingwa akapokelea kombe lake nje, maana kwa sheria za Makaburu hakuwa na ruhusa ya kuingia. Picha yake ikazunguka dunia na kuifedhehesha Afrika Kusini, na ilistahili kufedheheka.

Lakini mimi picha ile imeshanichosha. Makala karibu zote huanzia hapo na kuishia hapohapo, mpaka unasahau kwamba yule aliyelowa alikuwa anajua kucheza.

Tena alicheza kwa namna yake. Mchezaji anayepiga kwa mkono wa kulia huushika mpini mkono wa kushoto ukiwa juu, wa kulia chini. Papwa aligeuza. Alikuwa kijana wa Kihindi kutoka familia fukara ya Durban, hakujua kusoma wala kuandika, akajifunza mwenyewe kwa kijiti na baadaye akawa kedi akiwabebea wazungu fimbo zao. Hakuwepo mwalimu wa kumwambia amekosea. Angekuwepo, nina hakika angemnyoosha siku ya kwanza na kumharibu kabisa.

Aliyemfungulia njia ni mwajiri wake, Graham Wulff, mkemia aliyebuni mafuta ya uso ya Oil of Olay. Mwaka 1959 Papwa akafika Ulaya na kutwaa Dutch Open, mashindano ya Uholanzi. Mwaka 1960 akalitetea taji, na 1964 akalichukua mara ya tatu. Ukishinda mara moja watu watasema umebahatisha. Mara tatu watasema nini?

Halafu ikaja 1965, mwaka ambao kwangu ni mzito kuliko ule wa mvua. Alishinda Natal Open tena, na safari hii miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwa Gary Player. Mwaka huohuo Player akashinda US Open na kukamilisha mataji yote manne makubwa ya gofu duniani. Yaani kedi wa Durban alikuwa amemshinda mmoja wa wachezaji bora kabisa wa zama zake.

Jibu la serikali likawa karatasi. Tangu mwanzo alihitaji kibali ili kucheza na wazungu nchini mwake; sasa vibali vikakatwa, mashindano yakafungwa, hata kuingia viwanjani kama mtazamaji akazuiwa. Pasipoti nayo ikachukuliwa, kwa hiyo Ulaya ikafungika pia. Ukatili huu ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kumwacha mtu nje kwa saa moja, ila hauna picha. Nani atampiga picha karani anayekataa kugonga muhuri?

Alikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Kwa mwanasoka hapo ndipo pa kuaga. Kwa gofu sivyo. Mtazame Vijay Singh wa Fiji, naye wa asili ya Kihindi: taji lake kubwa la kwanza alilipata akiwa na miaka 35, na baada ya kutimiza 40 akashinda mara 22 kwenye mzunguko wa PGA wa Marekani, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Sisemi Papwa angefika huko. Nasema hakuna anayeweza kujua, na hilo ndilo lililoibwa.

Moyo ulimsimama mwaka 1978, hajatimiza miaka 50. Miaka miwili baadaye Marekani ikaanzisha mzunguko wa kulipwa wa wakongwe. Sharti la kuingia: uwe umefikisha miaka 50.