Mtoto akisemwa ana jini, aitwe nani kwanza?

Hapa Tanga, iwe Ngamiani au Makorora, mtoto akianza kuweweseka usiku au kuanguka darasani, haichukui muda kusikia mtu akisema, "Huyo ana kitu." Wengi husomewa Kurani, wakanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, wakafukizwa ubani, na hakuna anayeumia. Wapo lakini wanaofungiwa chumbani bila chakula, wanaochapwa ili jini litoke, au wanaoinamishwa juu ya kaa la moto lililotiwa pilipili huku wamefunikwa shuka gubigubi, wakikohoa mpaka sauti inakauka. Kwa hawa, mtaa ufanye nini?

Wapo wanaosema iitwe polisi, basi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mila inayomuumiza mtoto mwili au akili, na inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe serikali ya mtaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto, yupo afisa ustawi wa jamii, ipo namba 116 ya kupiga bure. Nawaelewa sana, maana nimechoka na suluhu za kifamilia: wazee wanakaa, mjomba anaomba radhi, yanaisha, na mtoto analala usiku huo huo kwa aliyemchapa.

Upande wa pili unasema masheikh, walimu wa madrasa, wachungaji na waganga ndio wanaomwona mtoto kabla ya afisa yeyote, kwa hiyo ukiwafukuza umejifumba macho. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Ramli haikufa. Mganga anayeogopa kukamatwa huhamia chumba cha uani, na mtoto naye hupelekwa huko huko, mbali na macho ya jirani.

Hoja yao nyingine naiona nzito zaidi. Katika ngoma ya pepo ya pwani, fundi, yaani mganga anayeiongoza, hagombani na pepo. Humbembeleza, humuuliza jina lake na anachotaka, akamwandalia chano chake, yaani sinia la sadaka, na aliyepagawa, yaani kiti, hutunzwa muda wote. Fundi mzee akisema mbele ya watu kwamba kumpiga kiti si kazi ya uganga, baba wa mtoto atamsikiliza kuliko atakavyomsikiliza ofisa aliyehamishiwa hapa juzi. Kwa nini kamati ya mtaa ya ulinzi wa mtoto isimtumie mtu huyu?

Hata hivyo upole wa mganga hautoshi. Degedege ni mfano. Kwa wazee wengi ni kazi ya mashetani, nayo kwa mtoto mwenye homa inaweza kuwa dalili ya malaria kali inayoua au kuacha ubongo umeharibika. Mganga asiyeinua hata fimbo anaweza kumpoteza mtoto kwa kumkalisha kilingeni usiku kucha wakati alipaswa kuwa hospitali ya Bombo. Akitaka kukaa na kamati, akubali kwamba mwenye homa, aliyeanguka au mwenye jeraha anaanzia hospitali, na akiona alama za kipigo anatoa taarifa siku hiyo hiyo.

Lipo pia kundi ambalo sioni la kujadili. Ni mtoto asiyehesabiwa kuwa mgonjwa bali chanzo cha mkosi: yatima aliyepokelewa mwaka ambao baba mwenye nyumba alipoteza kazi, au kigego, aliyeanza kuota meno ya juu. Huyu hana dawa ya kumaliza shauri lake, kwa sababu kila balaa jipya litarudishwa kwake. Hapo mtoto aondolewe kwanza, mazungumzo yafuate.

Uingereza walijifunza hili kwa msiba. Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, alifia London Februari 2000 akiwa na miaka 8. Shangazi wa baba yake, aliyekuwa akimlea, alimpeleka kanisani akaambiwa mtoto ana pepo mchafu. Mwili ulikutwa na majeraha 128. Alikuwa ameshalazwa hospitali mbili, na maofisa wa ustawi na polisi walikuwa na taarifa zake. Kila mmoja akapokea maelezo aliyopewa. Mwongozo uliotolewa na serikali yao mwaka 2007 haukubishana na imani ya mtu. Uliwataka wahudumu watazame madhara aliyoyapata mtoto.

Hivyo ndivyo ningetaka kamati zetu zifanye. Ziache kuuliza kama jini lipo, maana kikao kitaisha bila kufika popote. Ziulize mtoto amekula lini, amelala wapi, mgongo wake ukoje, na zimsikilize akiwa peke yake. Panapokwama ni baada ya majibu hayo: usiku huo alale kwa nani? Walezi wa kuaminika wanatambuliwa na ustawi wa jamii, lakini wanatafutwa mtoto akiwa ameshaketi kwenye benchi la kituo cha polisi, na saa tano ya usiku ndugu hujitokeza kumchukua. Kila mtaa uwe na majina mawili matatu ya walezi waliokwisha kukaguliwa, mwenyekiti akiwa na simu zao mkononi.