Lori likichanganya, kuna haja gani ya kutenganisha?

Mwambie mkazi wa Nairobi atenganishe taka jikoni kwake, na jibu utalipata kabla hujamaliza sentensi: "Ya nini, na lori linakuja kuzichanganya zote?" Jibu hilo lina ukweli wake. Mzoaji akifika getini hurusha kila kitu juu ya lori moja, lori likashika njia ya Dandora, kwenye jaa kuu la jiji, na huko mzigo wote ukamwagwa mahali pamoja. Aliyejihangaisha kusuuza chupa na kukunja katoni hubaki akijiona mjinga mbele ya jirani yake.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Wengi hawajaisikia. Waliosikia wanaiweka kando kwa hoja hiyo hiyo ya lori, na wachache wanaoifuata wanachekwa kuwa wanajifanya Wazungu. Hawa wanaochekwa ndio nadhani hawajaeleweka, ingawa wanaowacheka nao wana mambo ya kusikilizwa.

Kwanza, wasiotenganisha si wavivu. Anayewaita wavivu hajaishi Pipeline wala Githurai. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda, jiko na mitungi ya maji vimebanana, na mzoaji hupita mara moja kwa wiki, akikumbuka. Kumwambia mama wa watoto watatu aweke ndoo ya maganda yanayooza kando ya godoro kwa siku saba ni kumkaribishia nzi, mende na panya kwa jina la mazingira. Yeye hufunga kila kitu kwenye mfuko mmoja na kukitoa nje upesi. Ndio usafi anaoujua, na kwa afya ya watoto wake hajakosea.

Pili, kuna suala la kazi hii ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la kuzoa taka. Jaa la Dandora lilianza kutumika miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mpango wa kulihamishia Ruai ulikwama, sababu mojawapo ikiwa hofu kwamba ndege wanaokula taka wangezagaa kwenye njia za eropleni zinazotua uwanja wa JKIA. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaagiza lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, na mingine mingi. Mwananchi anayeyatazama haya anauliza: walioshindwa na jaa moja kwa miaka ishirini na ushei ndio wanaoniuliza mimi kuhusu ganda la ndizi? Ni swali la haki, na mahubiri hayalijibu.

Ila hoja ya lori ina tundu moja ambalo sijaona likizungumzwa. Taka huchanganywa mara mbili. Mara ya kwanza ni jikoni, pale mchuzi wa maharagwe, majani ya chai na maji ya kuoshea omena vinapomwagwa juu ya pakiti ya unga na gazeti la jana. Mara ya pili ni kwenye lori, ambako mfuko uliofungwa hulalia mfuko mwingine uliofungwa. Watu hulalamikia mchanganyiko wa pili na kuusamehe wa kwanza, ilhali ni wa kwanza usiorekebishika. Katoni iliyolowa mchuzi haina mnunuzi. Mfuko wa vitu vikavu uliofungwa vizuri unaweza kukanyagwa, kurushwa na kusafiri juu ya maganda ya viazi hadi Dandora, na bado kilichomo ndani kikauzika.

Tena mara nyingi haufiki huko. Malori mengi ya taka jijini ni ya wazi, na juu yake husimama vijana wanaopasua mifuko lori likitembea. Wanachomoa chupa za plastiki, katoni na vyuma, na kuvijaza kwenye magunia yanayoning'inia ubavuni mwa lori. Kabla ya lori, waokota taka wa mtaa wameshapita. Jiji hili lina mfumo wa kuchambua taka, usiotambuliwa rasmi na usio na glavu, na unafanya kazi kila siku. Mfuko wa kwanza wanaoutaka ni ule mkavu. Mkononi mwao hauhitaji maelezo: ni mwepesi, haudondoki maji, haunuki. Anayetenganisha nyumbani humtengea mtu huyu, lori lichanganye lisichanganye.

Kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Makadirio ya miaka mingi yanaonyesha kwamba kati ya nusu na theluthi mbili ya taka za Nairobi ni zile zinazooza: za jikoni, sokoni, mahotelini. Tuchukue tani kumi, tuseme sita ni hizo. Maganda, mboga na mabaki ya chakula, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo katika kila tani kumi zinazopelekwa Dandora, tani nne na nusu hivi ni maji matupu. Mji ambao mitaa yake hupata maji ya mfereji kwa zamu unachoma dizeli kubeba maji machafu kutoka Kawangware, Lang'ata na Karen, kuyapitisha kwenye foleni za magari, hadi upande wa pili wa jiji. Nauli ya maji hayo imo ndani ya ada unayomlipa mzoaji kila mwezi.

Na yakifika, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Hushuka ndani ya lundo, yakapita kwenye betri, rangi, vifaa vya umeme na chupa za dawa. Uozo huzalisha asidi, na asidi huyeyusha madini ambayo yangekaa yalipo. Maji hayo meusi huingia Mto Nairobi, nao hujiunga na Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Kinachobaki chini bila hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka mia moja hupasha joto dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule. Methani pia inawaka. Moto ule wa Dandora unaofukuta chini kwa chini hulishwa na gesi ya kile tulichokimwaga jikoni, na moshi wake ni wa plastiki tuliyoifungia.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu hapo Gigiri, lilitoa matokeo ya utafiti wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati ule kuwa cha hatari. Ganda la ndizi halina risasi. Lakini likitupwa na betri mahali pamoja, linakuwa sehemu ya njia ambayo risasi huipitia.

Nisieleweke vibaya. Ndoo ya nyumba moja haitapunguza methani ya Dandora kwa kiasi cha kupimika, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Hapo wakosoaji wana haki kabisa: upande wa taka mbichi, juhudi ya mtu mmoja haina uzito mpaka kuwe na mtu wa kuipokea ndoo. Upande wa taka kavu ndipo wanapokosea. Huko faida haingoji wengine waanze. Mfuko mmoja mkavu ukitoka leo, mtu mmoja anauokota leo, na mkono wake hauzami kwenye uozo wenye wembe na sindano ndani. Kwa sindano hasa, wagonjwa wa kisukari wanaojidunga nyumbani wangeziweka kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na kuzirudisha kliniki. Ni jambo dogo ambalo hakuna sheria mpya inayohitajika ili lianze.

Wapenzi wa mazingira hupenda kutukumbusha marufuku ya mifuko ya plastiki ya 28 Agosti 2017. Watu walisema haitawezekana, wanasema, na ikawezekana. Mfano huo siuamini sana. Marufuku ile ilifaulu kwa sababu mfuko uliondolewa dukani. Mnunuzi hakuombwa nidhamu yoyote, alikuta tu haupo. Kutenganisha taka ni tabia ya kila siku, asubuhi na jioni, kwa mtu aliyechoka. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliamuru taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza kwa asilimia 100, ikatoa siku 90. Hapo tena mzigo ukatua kwenye mfuko wa mlaji, maana mifuko hiyo si ya bei ya mama mboga. Na haihitajiki. Ndoo iliyopasuka mkono, yenye kifuniko, yenye gazeti chini, inayomwagwa na kuoshwa, hufanya kazi ile ile.

Siri ya ndoo hiyo ni kuchuja. Mchuzi na maji ya mabaki yamwagwe kwanza, ugali uliobaki uanikwe dirishani, maganda ya viazi yakae juu ya karatasi badala ya kuelea. Harufu nyingi tunayoilaumu taka ni ya maji yaliyofungiwa bila hewa. Mwenye kibaraza anaweza kuzika maganda kwenye gunia la udongo na kupanda sukuma wiki juu yake, kama wafanyavyo wakazi wa Kibera wenye bustani za magunia. Asiye na kibaraza humpata jirani mwenye sungura au kuku. Viungani mwa jiji wapo wafugaji wa nguruwe, na wapo pia wanaofuga mabuu ya nzi wa aina ya "black soldier" kwa ajili ya lishe ya kuku na samaki. Wote hawa wanataka taka mbichi, ila kipande cha glasi kimoja ndani ya ndoo ni hasara kwao.

Nepi na sodo zinaharibu mpango huu wote, kwa sababu si mbichi za kumpa nguruwe wala si kavu za kuuzwa. Nyumba yenye mtoto mchanga itakuwa na mfuko wa tatu, basi.

Na yule mama wa chumba kimoja? Kwake ningeomba kitu kimoja tu, mfuko wa vitu vikavu uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Hauoti funza ukikaa wiki mbili. Zilizobaki aendelee kuzitoa nje upesi kama anavyofanya. Kama kuna wa kubanwa kuhusu taka mbichi katika jengo la ghorofa sita, ni mwenye nyumba, anayekusanya kodi ya vyumba themanini na kuweka pipa moja lisilo na mfuniko chini ya ngazi. Mapipa mawili yenye rangi tofauti, na mlinzi wa ploti mwenye kujua lipi ni la nini, ni gharama ambayo kodi ya chumba kimoja ingeimaliza. Wanaohimiza usafi hupiga hodi kwenye milango ya wapangaji themanini na kuuruka mlango huu mmoja. Sielewi kwa nini, au pengine naelewa.

Mitaa yenye chama cha wakazi ina nguvu nyingine ambayo haitumiki: mkataba na mzoaji. Leo tunalipia lori lije mara moja kwa wiki kuchukua kila kitu, ratiba isiyofaa upande wowote. Kwa taka mbichi wiki ni ndefu mno, kwa kavu ni fupi bila sababu. Zikitenganishwa getini, mbichi zinaweza kuchukuliwa mara mbili au tatu kwa wiki na mkokoteni unaoishia kwa mfugaji wa karibu, na kavu zikangoja mwezi mzima kwenye kibanda zikisubiri mnunuzi anayelipa badala ya kulipwa. Mzoaji atapinga mwanzoni, kwa sababu lori lake ndilo biashara yake. Lakini mkataba huisha kila mwaka, na mkutano wa kuuandika upya kwa kawaida huhudhuriwa na watu saba.