Harusi Iliyokataliwa na Flashi

Windows 10 ilipoachwa rasmi na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, nikaamua kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, ihamie Windows 11. Mashine ilikuwa na sifa zote isipokuwa nafasi. Drive C, sehemu ya diski inayokaa Windows yenyewe, ilijaa hadi mstari wake ukawa mwekundu, na jirani yake drive D ana eneo la kuchezea mpira. Lakini C hupanuka tu kwenye nafasi tupu iliyogusana nayo, kwa hiyo D ilikuwa lazima ifutwe kwanza. Nikatafuta flashi ya GB 32 ya kuhamishia mizigo: barua za watu, mitihani, vyeti, na video za harusi mbili za Ujiji, ya binamu yangu na ya binti wa jirani yao.

Shangazi kusikia tu neno "kufuta", akapanda daladala. Alikaa kwenye benchi la wateja, pochi mapajani.

"Endelea na kazi yako, baba. Mimi nipo tu."

Nyaraka zikaingia. Harusi ya jirani, GB 2, ikaingia, shangazi akiisindikiza kwa jicho. Ya binamu, GB 9, ikagoma palepale.

"Inasemaje?"

"Inasema ni kubwa mno, shangazi. Haiingii."

Nilitaka kumweleza kwamba flashi ile ilikuwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufika GB 4 hata nafasi ikiwa tele. Nilikuwa nimechelewa. Simu ilishafika sikioni.

"Hata mashine imeona! Ya yule imeingia yote, imeteleza tu. Ya mwanangu imekataliwa, kubwa mno!"

Alipiga kwa dada zake, kwa kikoba chote, na nina hakika kuna mtu alipigiwa kwa makosa na bado akaelezwa. Wakati huo nikaigeuza flashi kuwa NTFS, mpangilio unaopokea mafaili makubwa, kwa amri ya convert, ambayo haifuti kilichomo. Nikanakili upya. Harusi ikaingia yote, na nafasi ikabaki.

Shangazi akakata simu.

"Imeingiaje?"

"Nimebadilisha mpangilio wa flashi."

"Umepunguza nini?"

"Sijapunguza kitu."

"Umewatoa kina nani?"

Ikabidi tuitazame tangu mwanzo. Wateja wa fotokopi wakasogeza viti. Wageni wa Kagunga, walioshukia Kibirizi kwa boti, wakahesabiwa mmoja mmoja. Masufuria ya pilau yakahakikiwa. Hata mjomba aliyesinzia meza kuu tulimfuatilia mpaka ikathibitika kwamba bado amesinzia. Nikijaribu kusogeza mbele, shangazi ananishika mkono: "Rudisha, hapo umemkata mtu!"

Usiku nikafuta D, nikaipanua C, Windows 11 ikaingia bila kelele. Hapo hakuna cha kusimulia.

Asubuhi nikamkuta yule jirani mlangoni, flashi yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Salamu zilikuwa fupi.

"Mwanangu, hebu na ya kwangu iongeze mpaka ikatae. Hela ninayo."