Wito wa saa nne asubuhi

Wiki iliyopita, hapa Leeds, Uingereza, mwenzangu katika ofisi yetu ya kuhudumia familia alisogeza kikao cha familia moja kutoka asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kwa sababu moja tu: baba wa mtoto hutoka ghalani saa kumi na moja. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi, mtoto wa Ilula, Iringa, niliduwaa.

Kwetu, ndoa ikiyumba, baba huletewa wito wa ofisi ya ustawi wa jamii. Barua yenye mhuri hupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikimtaka afike saa nne asubuhi bila kukosa, wakati nyanya zake zimeshajazwa kwenye matenga zikisubiri lori la Dar es Salaam. Akifika, amefika kujitetea. Asipofika, anaandikwa mkaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi ili mume na mke wasikilizwe kabla ya mmoja wao kudai talaka mahakamani, lakini wengi huketi pale wakingojea hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na mwanamume aliyekuja na la moyoni huondoka nalo.

Najua nitakavyojibiwa: "Kaka, umekaa Ulaya misimu miwili ya baridi, tayari unatufundisha ndoa." Sijasema Wazungu wanaijua ndoa. Mafaili ninayoyashika hapa mara nyingi yamejaa habari za mama, na sehemu ya baba iko tupu. Tena huyu wa ghalani hana mshenga wa kumgongea mlango usiku na kumwambia kwamba nyumba imemshinda. Sisi tunaye, na hatoi miadi. Hilo najivunia, ndiyo maana naudhika kuona ofisi zetu zikimwita mwanamume kama mtuhumiwa.

Anayepiga mkewe ni wa dawati la jinsia la polisi, sibishani na mtu hapo. Hata huku hatumketishi chumba kimoja na mkewe tukaita usuluhishi. Namsema yule asiyepiga wala asiyesema, anayerudi kutoka kilabu cha ulanzi watoto wamelala, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini anachelewa.

Mtasema maafisa ustawi wa jamii ni wachache na kata ni nyingi. Ni kweli. Lakini kuandika "Jumapili baada ya ibada" badala ya "saa nne asubuhi" kunahitaji bajeti gani?